Umefomati diski: nini kimefutika, nini bado kipo, na ufanye nini

Mpiga picha mmoja wa harusi aliniletea memori kadi ya GB 32 akiwa ameifunga kwenye tishu kana kwamba ni pete. "Fundi, nimefomati kadi ya sendoff kabla sijahamisha picha." Sikumuuliza kadi ni ya aina gani wala aliifomatia wapi. Nilimuuliza kimoja tu: "Tangu hapo umeipigia picha nyingine?" Akatazama chini. "Kama arobaini hivi. Nilitaka kuona kama kadi bado nzima."

Picha nyingi za ile sherehe zilirudi. Zisizorudi hazikuuawa na fomati, ziliuawa na zile arobaini za majaribio.

Siku chache baadaye akaja mzee mmoja anauza laptopu yake. "Nimeshaifomati, kijana wangu, haina kitu." Nikamwomba dakika ishirini. Kabla hazijaisha, hati zake za mshahara na kitambulisho alichokiskani zilikuwa kwenye kioo changu. Wote wawili waliamini jambo lilelile, kwamba kufomati ni kufuta. Mmoja alilia kabla ya msiba, mwingine alijiamini bure.

Kinachofanyika ndani

Fikiria gesti kubwa yenye vyumba vingi na kitabu kimoja cha wageni pale mapokezi. Mhudumu hapiti vyumbani kuchungulia nani yumo, anasoma kitabu. Ukifuta faili moja, umepiga mstari kwenye jina la mgeni mmoja. Ukifomati kwa haraka, umechana kitabu kizima na kuweka kipya kitupu. Wageni bado wamelala vyumbani. Ila akija mgeni mpya, mhudumu anaangalia kitabu, anaona kila chumba kiko wazi, anampa namba 7, na aliyekuwa amelala humo anapotea moja kwa moja.

Kompyuta inafanya vivyo hivyo. Diski imekatwakatwa vipande vidogo viitwavyo sekta, vya baiti 512 kwenye diski nyingi za zamani na baiti 4,096 kwenye nyingi za sasa. Mfumo wa faili ndio unaoshika kitabu.

Kwenye FAT32, mfumo uliozoeleka kwenye flashi na kadi ndogo, kitabu kina sehemu mbili: orodha za folda, zinazotaja jina la faili na kipande inapoanzia, na jedwali linaloonyesha inaendelea kipande gani. Jedwali hilo lina nakala mbili. Ukifuta faili moja, herufi ya kwanza ya jina lake inabadilishwa kuwa alama ya E5, na vipande vyake vinatangazwa kuwa wazi. Ukifomati kwa haraka, nakala zote mbili zinajazwa sifuri, na orodha ya folda ya juu kabisa nayo inafutwa. Basi, imeishia hapo. Orodha za folda zilizo ndani ya folda nyingine haziguswi. Kamera huweka picha kwenye folda iliyo ndani ya DCIM, kwa hiyo mara nyingi nakuta hata majina ya picha bado yapo.

NTFS, ambayo Windows huitumia kwenye diski zake, ina kitabu kiitwacho MFT. Kila faili ina rekodi yake humo, kwa kawaida ya baiti 1,024: jina, tarehe, ukubwa, na vipande ilivyokaa. Fomati ya haraka huandika MFT mpya, fupi, mara nyingi palepale ilipokuwa ya zamani. Rekodi chache za mwanzo zinakanyagwa, na zilizofuata zinabaki kama zilivyo mpaka MFT mpya irefuke na kuzifikia.

Ukitaka ushahidi usiohitaji programu yoyote, tazama saa. Diski ya TB 1 inafomatiwa kwa sekunde chache. Kuandika TB 1 kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde huchukua karibu saa tatu. Hizo saa tatu zimeenda wapi? Hazikwenda popote, kwa sababu hakuna aliyeigusa data.

Fomati ndefu ni habari nyingine. Ukiondoa tiki kwenye kisanduku kilichoandikwa Quick Format, Windows kuanzia Vista huandika sifuri kwenye diski nzima. Windows XP haikufanya hivyo. Ilisoma sekta zote kutafuta mbovu, ikaacha data ilivyo. Ndiyo maana utamsikia fundi mkongwe akiapa kwamba "hata fomati ndefu inarudishika." Kwa enzi zake alikuwa sahihi.

Na kuna kupiga windo, yaani kuweka Windows upya. Watu wanachanganya kufomati na kupiga windo kwa sababu vyote hufanyika siku moja, lakini kwa anayetafuta faili zake tofauti ni kubwa. Fomati imechana kitabu. Windows mpya inakuja na GB nyingi za mafaili yake: ni basi zima la wageni limeshusha abiria usiku, na hujui wamepewa vyumba gani.

Jaribu kwa mkono wako

Chukua flashi usiyoihitaji, yenye FAT32. Nakili picha kama kumi, kisha andika faili ya maandishi kwenye Notepad: "mchele kilo mbili, nyanya za mia tano, mafuta ya kupikia." Ihifadhi humo. Fomati flashi kwa haraka. Sasa fungua HxD, programu ya bure ya kutazama baiti, nenda kwenye menyu ya kufungua diski, chagua flashi, na uache tiki ya kusoma tu. Tafuta neno "nyanya".

Litakuja. Utaliona upande wa kulia, mwanzoni mwa sekta ambayo sehemu iliyobaki ni sifuri, oda yako yote ya sokoni kama ulivyoiandika.

Nimesema utangulize picha kumi kwa sababu. Windows ikiona flashi iliyotoka kufomatiwa, huandika folda yake ndogo iitwayo System Volume Information bila kukuuliza. Ni baiti chache, lakini huangukia mwanzoni mwa diski, na kama faili yako ilikaa hapo, ndiyo basi tena. Yaani hata kuchomeka flashi "kuangalia tu" ni kuandika.

Kabla ya hatua yoyote: ni kifaa gani?

Yote niliyosema yanahusu hadi diski (hard disk), yaani zile zenye sahani zinazozunguka, flashi, na memori kadi. SSD, diski ya kisasa isiyo na sahani, ina tabia yake. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009, mfumo endeshi huiambia SSD ni vipande gani havina mwenyewe tena. Amri hiyo inaitwa TRIM. Turudi kwenye gesti: safari hii, kitabu kikichanwa, mapokezi anampigia simu mtu wa usafi, naye anapita kila chumba. Ukifomati SSD ya ndani ya laptopu, TRIM hutumwa kwa eneo zima, na ukiisoma tena kwa kawaida unapewa sifuri tupu. Mteja akiniambia amefomati SSD jana na laptopu imekuwa ikiwaka tangu hapo, namwambia ukweli kabla hajatoa hela.

Kama diski ilifungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data kwa ufunguo, kisha ikafomatiwa, nayo ni karibu hivyohivyo: ufunguo umetupwa na kilichobaki vyumbani ni kelele.

Kama unataka vitu vyako virudi

Hatua ya 1. Acha kuandika, sasa hivi. Toa kadi kwenye kamera. Chomoa flashi. Kama iliyofomatiwa ni diski yenye Windows inayotumika, zima kompyuta kwa kushikilia kitufe cha umeme, maana hata kuzima kwa utaratibu huandika. Usidakuli programu ya kurudisha faili ukaiweka kwenye diski hiyohiyo, wala usihifadhi humo unachookoa. Kosa hili nalikuta kila mwezi: mtu ameokoa faili 600 kwa kuzihifadhi juu ya nyingine ambazo bado hazijaokolewa.

Hatua ya 2. Sikiliza. Diski inayogonga, tik-tik-tik, au inayozunguka na kusimama, haina tatizo la fomati, imeumwa mwilini. Ichomoe na usiiwashe tena. Kila mzunguko unaweza kukwangua sahani, na hapo hakuna programu ya kusaidia. Ni kazi ya wenye chumba kisicho na vumbi, na bei yake inauma.

Hatua ya 3. Tengeneza nakala pacha, sekta kwa sekta, kisha kazi zote ufanyie kwenye nakala. Watu wengi wanairuka hatua hii, na mimi ndiyo siruki hata kama mteja amesimama mlangoni. Washa kompyuta kwa Linux (mfumo endeshi wa bure) iliyo kwenye flashi nyingine, chomeka diski ya kuhifadhia yenye nafasi ya kutosha, hamia kwenye folda iliyo ndani yake, kisha andika:

lsblk

Utaona majina na ukubwa. Tambua kadi kwa ukubwa wake, siyo kwa kubahatisha. Tuseme ni sdb:

sudo ddrescue -n /dev/sdb kadi.img kadi.map

Kinachotangulia ni chanzo, kinachofuata ni mahali pa kuweka. Ukivigeuza, umejimaliza. Alama ya -n inaiambia ddrescue, programu ya kunakili diski, isihangaike kwanza na sehemu mbovu, ivune zilizo nzima. Ikimaliza, rudia amri bila -n ukiongeza -r3, ijaribu mbovu mara tatu. Faili ya map ndiyo kumbukumbu yake: umeme ukikatika katikati, unaanza ulipoishia. Kwa umeme wetu hilo si jambo dogo.

Hatua ya 4. Tafuta kitabu kabla hujapekua vyumba. Programu kama DMDE na R-Studio husoma mabaki ya MFT au orodha za folda za zamani na kukuonyesha faili zikiwa na majina na folda zake. Zote mbili hukuonyesha kwanza kilichopatikana kabla hujalipa, basi tazama, fungua picha mbili tatu, ndipo uamue. Kama diski haikufomatiwa ila eneo lake (partition) limepotea kwenye orodha ya maeneo, jaribu TestDisk. Ni ya bure na mara nyingine hurudisha eneo zima kwa dakika tano.

Hatua ya 5. Kitabu kisipopatikana, pekua chumba kwa chumba. Kazi hiyo inafanywa na PhotoRec, ndugu yake TestDisk, zote mbili za Christophe Grenier. Haijali majina. Inapita sekta zote ikitafuta mianzo inayojulikana: picha ya JPEG huanza na baiti FF D8 FF, PDF huanza na herufi %PDF, faili za kisasa za Word huanza na PK kwa sababu ndani yake ni ZIP, yaani mafaili yaliyobanwa pamoja, na PK ni herufi za jina la Phil Katz aliyeibuni ZIP.

photorec kadi.img

Chagua eneo, au Whole kuchukua yote. Ingia File Opt, uzime aina zote kisha uwashe unazotaka tu, la sivyo utapewa maelfu ya vijipicha na vipande vya mfumo usivyovihitaji. Chagua pa kuhifadhia, nje ya diski ya mgonjwa. Matokeo hukaa kwenye folda za recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea, yakiwa na majina kama f0246813.jpg. Namba hiyo ni sekta faili ilipoanzia. Majina halisi yamekwenda na kitabu, lakini tarehe na saa ya kupigwa picha ziko ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo harusi unaweza kuipanga upya kuanzia ukumbini mpaka keki.

Usitarajie sana kwenye video kubwa. PhotoRec huchukulia kwamba faili imekaa mfululizo. Video ya GB 4 iliyotawanywa sehemu kumi itarudi dakika ya kwanza nzuri, kisha picha inaganda au haifunguki kabisa. Picha ndogo zina bahati zaidi kwa sababu kila moja inaenea mahali padogo.

Ile kadi ya sendoff ilinichukua kama saa mbili, nyingi zikiwa za kusubiri nakala pacha. Hasara ilikuwa mwanzoni mwa sherehe, bibi harusi anaingia, kwa sababu kamera iliandika picha za majaribio kuanzia mwanzo wa kadi.

Kama unataka visirudi kamwe

Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat, waliokuwa chuo cha MIT nchini Marekani, walichapisha walichokikuta kwenye diski 158 za mtumba walizonunua. Zilizofanya kazi zilikuwa 129. Zilizosafishwa ipasavyo? 12. Moja ilikuwa imetoka kwenye mashine ya ATM huko Illinois. Kompyuta za mtumba zinazoshushwa huku kwetu zimepita njia hiyohiyo, na zetu tunazoziuza nazo zinapita.

Hadi diski ya sahani. Mara moja ya sifuri inatosha. Utasikia habari za kufuta mara 35. Zinatoka kwenye utafiti wa Peter Gutmann wa mwaka 1996, na mara hizo 35 zilikusudiwa kukusanya aina zote za diski za wakati ule kwa pamoja. Gutmann mwenyewe alikuja kueleza kwamba kuzitumia zote kwa diski ya sasa hakuna maana. Kwa Windows, chomeka diski kwenye kompyuta nyingine, fungua dirisha la amri kama msimamizi, kisha:

diskpart
list disk
select disk 2
clean all

Namba 2 ni mfano. Hapa ndipo mimi mwenyewe niliumia: niliandika 1 badala ya 2, nikafuta diski ya kazi zangu za mwaka mzima huku nikinywa chai. Siku hizi nachomoa kila diski isiyohusika kabla sijafungua diskpart. Angalia pia neno all. Amri ya clean peke yake hufuta orodha ya maeneo tu na kumaliza kwa sekunde. Yenye all huandika sifuri kila sekta na kuchukua masaa.

Laptopu unayoiuza ikiwa na Windows yake, tumia mipangilio ya Reset this PC, chagua kuondoa kila kitu, kisha uingie kwenye mipangilio ya ziada na kuwasha chaguo la kusafisha diski. Bila chaguo hilo umechana kitabu tu, kama yule mzee wangu.

SSD. Kuandika sifuri juu yake hakukupi uhakika. SSD ina akiba ya vipande ambavyo mfumo endeshi hauvioni, na hubadilishabadilisha mahali pa kuandikia ili isichakae upande mmoja. Tumia amri yake ya ndani ya kujifuta. Laptopu nyingi za ofisi za HP na Dell zina chaguo hilo kwenye BIOS (mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka), na watengenezaji wa SSD hutoa programu zao. Kwenye Linux, kwa SSD za NVMe, aina iliyo kwenye laptopu nyingi za sasa:

sudo nvme format /dev/nvme0n1 -s 1

Njia rahisi kuliko zote ni ya mapema: washa BitLocker siku ya kwanza unaponunua kompyuta. Siku ya kuuza, fomati inatupa ufunguo, na kilichobaki hakisomeki.

Simu. Zilizotoka na Android 10 na kuendelea hufunga data kwa ufunguo tangu mwanzo, na kurudisha simu ilivyotoka kiwandani hutupa ufunguo huo. Toka kwanza kwenye akaunti yako ya Google, usije ukampigisha mnunuzi magoti akidaiwa nywila yako. Na toa memori kadi. Ukiambiwa simu imefutwa, kadi haimo kwenye hesabu hiyo.

Flashi na kadi zijaze sifuri kwa clean all. Kama ilibeba siri kubwa, usiiuze; bei yake hailingani na hatari. Vivyo hivyo hadi diski yenye sekta mbovu: diski ikigundua sekta mbovu huiweka kando na kutumia nyingine, na ile ya kando haifikiwi tena na sifuri zako ingawa data yake ya zamani inaweza kuwa bado imo. Itoboe. Sahani za diski nyingi za laptopu ni za kioo, hupasuka vipande ukizigonga, basi vaa miwani na uifunge diski kwenye kitambaa kwanza.

Ofisi inayouza kompyuta zake kuukuu haina hiari katika hili. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Faili za wateja zilizoachwa kwenye diski iliyouzwa ni za wateja bado. Na sisi mafundi tuseme kweli: ukiokoa faili za mtu, fungua mbili tatu kuthibitisha, funga, na nakala pacha uifute kazi ikiisha.

Ukishamaliza kusafisha, usiamini neno la programu iliyosafisha. Endesha PhotoRec juu ya diski hiyohiyo, kama angefanya mnunuzi mwenye nia mbaya. Yule mzee nilimfanyia hivyo mbele ya macho yake. Aliketi kwenye kigoda akihesabu asilimia kwa sauti, na PhotoRec ilipofika mwisho ikaandika faili 0, alichukua laptopu yake na kwenda kuiuza.